Anayepimwa Hulala Kifudifudi

Tosamaganga,
9 Novemba 2024

Kaka Obeid,

Kamwene. Huku hatujambo, mvua inatuchungulia tu, haijashuka. Mguu wa wifi unaendeleaje? Happy wangu alinipigia Jumapili, yeye na mumewe hawajambo huko Mbeya, na mtoto ameanza kusimama kwa kushika kiti. Mimi nina oda ya sweta mia na arobaini za shule, kijivu zenye mstari wa bluu, zinatakiwa Januari. Nafuma mpaka bega linakataa.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu tangu iangukie kwenye ndoo haisikiki mpaka niweke spika, na hizi nyumba za kupanga ukikohoa tu jirani anakupa pole. Barua nimempa Masanja, dereva wako wa fuso, nimemkuta Ipogolo anashusha mchele.

Jambo lenyewe ni hili. Pale waliponitoa uvimbe mwaka juzi, titi la kushoto, pamekuwa pagumu tena. Nilikuwa nasukuma kigari cha mashine ya kufumia, mkono ukapita juu yake. Nimekwenda hospitali, wamenipiga altrasaundi mara mbili. Daktari anasema pale pana kovu, na kwenye picha ile kovu na kitu kibaya vinafanana, hawezi kusema ni kipi. Uvimbe wa kwanza haukuwa mbaya, unakumbuka. Huu hajui. Ameniandikia niende Mbeya nikapimwe MRI, ile ya kuchomwa dawa mshipani ili picha itenganishe. Tarehe 12 Desemba.

Happy sijamwambia. Na wewe usimwambie.

Sijisikii kitu, kaka. Nimetoka kwa daktari nikapita sokoni nikanunua nyuzi.

Nina swali moja. Marehemu dada yetu Yusta alipokuja kwako Rujewa ule mwezi wa sita, kabla hajalazwa, alikwambia nini? Miaka sita sijakuuliza.

Mdogo wako,
Benedicta


Rujewa,
24 Novemba 2024

Mdogo wangu Bene,

Kamwene, kamwene tena. Barua yako imefika ikiwa na harufu ya dizeli na alama ya kiatu, maana Masanja aliifanya kabari ya kuzuia kioo kisigonge. Mguu wa wifi yako umepona kabisa, sasa anautumia kunifukuzia. Mimi mzima, isipokuwa wiki iliyopita nilianguka mferejini mbele ya watu wote wa zamu ya maji. Wasukuma wawili waliokuwa wakinywesha ng'ombe walinivuta, na mmoja akasema, "Mzee, sisi tumezoea kuvuta ndama." Kitambi kimefika mahali kinaingia mlangoni kabla yangu. Nikitoka mashineni na pumba kichwani, watoto wa jirani wananiamkia mara mbili, wanadhani babu yangu amefufuka.

Habari yako nimeisoma. Nimeisoma nikasimama, nikazima kinu, nikawasha tena.

Nenda Mbeya. Daktari asiyejua na akasema hajui, huyo ni daktari mzuri. Mimi nawajua mafundi wa injini wasiojua, wanafungua tu. Ningekusindikiza mwenyewe, ila wiki hiyo ndiyo zamu yangu ya maji, na nikiikosa majaruba yangu yatakaa makavu hadi mwaka mpya. Lakini wewe ni mtu mzima, umesafiri mpaka Songea na mashine ya kufumia mapajani. Fikia kwa Happy. Hutaki kumwambia sababu, mwambie umekuja kumwona mtoto, si uongo.

Hayo mengine ya Yusta ni habari ndefu, na karatasi imekwisha.

Kaka yako,
Obeid

(Nyuma ya karatasi: yule mbuzi wako niliyekutunzia amezaa mapacha. Mmoja ana sura yangu, wifi yako ndiye aliyeona.)


Tosamaganga,
20 Desemba 2024

Kaka Obeid,

Kamwene. Wote wazima. Sweta zimefika themanini na sita. Mapacha nimefurahi.

Nilikwenda Mbeya. Nilifikia kwa masista, siyo kwa Happy. Walinipima damu kwanza kuona kama figo zitaweza hiyo dawa, zikaonekana ziko vizuri. Kipimo hakikufanyika. Mashine ile ni sumaku kubwa, haitaki chuma, na mimi nilikuwa nimechomeka pini za kushonea kwenye gauni. Wamenirudisha. Watanipigia.

Wewe kumbe karatasi yako ina upande wa nyuma.

Benedicta


Rujewa,
6 Januari 2025

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya. Sikukuu tumekula, tumeshiba, tumetubu. Ulanzi wa kwanza umeletwa kutoka kwetu Kilolo, nimeuonja kwa niaba yako kisha kwa niaba ya ukoo mzima, na wifi yako akanifungia nje mpaka nikamwimbia wimbo wa kwaya. Nilikosea ubeti wa pili ndipo akafungua, alisema hawezi kusikia mtu akiharibu kazi ya Mungu.

Sasa, Bene. Mimi si msomi. Darasa la saba nilirudia, na mtihani nilifaulu kwa sababu msimamizi alikuwa na haraka ya kuwahi basi. Lakini hili la pini limenikalia kichwani wiki nzima. Nimelichukua nikaenda nalo mashineni, nikalala nalo, nikarudi nalo. Pini huchomolewa. Unachomoa, unaweka kwenye kikombe, unapimwa. Mtu hatoki Iringa mpaka Mbeya akarudishwa kwa pini nne.

Tena wewe! Tangu utoto unavua pini kabla ya kuingia kanisani, unasema Mungu asichomwe.

Sikulazimishi. Nakuuliza tu: kulikuwa na nini mle ndani?

Kama ni hofu, niambie mimi. Mimi ni mwoga mwenye uzoefu, nimewahi kumkimbia daktari wa meno nikiwa na kile kitambaa chake shingoni. Nilifika stendi ndipo watu wakaniuliza kama nimeajiriwa hotelini.

Andika upesi. Masanja anapita kila Jumanne.

Kaka yako,
Obeid


Tosamaganga,
2 Machi 2025

Kaka,

Kamwene. Barua yako nimekaa nayo. Mvua ni nyingi, barabara ya kwenda mjini imekatika mara mbili. Sweta nilimaliza, sasa nina oda ya maua, yaani soksi. Unaona, nimekosea. Nilitaka kuandika soksi.

Hospitali wamepiga mara tatu. Mara ya nne sikupokea.

Pale penyewe hapaumi. Ni pagumu tu, kama fundo la uzi ambalo limefumwa ndani na huwezi kulifungua bila kufumua sweta yote. Asubuhi nagusa, nafuma. Jioni nagusa, nalala. Ni ganzi, kaka, si ya mwili. Watu wakinisalimu najibu vizuri.

Usiniulize tena habari ya ile siku. Kuna jambo haliandikiki kwa kaka wala kwa padri.

Na wewe hujajibu la Yusta.

Benedicta


Rujewa,
23 Machi 2025

Mdogo wangu Bene,

Kamwene. Wifi yako mzima, mbuzi wazima, mimi naendelea kunenepa kinyume cha ushauri. Leo nitaandika pande zote mbili za karatasi, kwa hiyo kaa chini.

Jana Jumamosi nimepata mgeni. Nilikuwa chini ya kinu natia grisi, miguu tu ndiyo inaonekana, nikasikia, "Mjomba, shikamoo." Nikasema marahaba bila kutoka, nikidhani ni mtu wa pumba. Hakuondoka. Nikatoka. Ni mkweo Asukile, mume wa Happy, amesimama mbali kule kwenye mzani, na amegeuza uso kidogo kama desturi yake. Unakumbuka siku ya harusi, wewe ulikaa nyuma ya turubai ukala wali huko, yeye akala huku, na mpiga picha akatafuta mama mkwe mpaka jua likazama.

Nikampa kiti, akakataa. Akakaa juu ya gunia.

"Mjomba," akasema, "mama yuko mzima?"

"Mama yupi? Huku tuna mama wengi."

"Mama Happy."

"Mzima. Anafuma."

Akatazama viatu vyake. "Mwaka jana, mwezi wa kumi na mbili, nililiona jina lake."

Bene, hapo mimi nikaweka chini kopo la grisi.

Kumbe huyu kijana si wa picha za mifupa tena kama tulivyojua. Tangu Septemba amehamishiwa kwenye mashine ile ile. Yeye ndiye anayeiendesha. Aliona jina kwenye orodha asubuhi, akafikiri ni mwingine, Benedicta wako wengi. Kisha mlango ukafunguliwa, umevaa lile vazi la hospitali lililo wazi mbele, ukamwona yeye nyuma ya kioo, na yeye akakuona. Anasema uligeuka, ukachukua nguo zako, ukaondoka. Yeye akainama chini ya meza akajifanya ameangusha kalamu, akakaa huko chini mpaka mhudumu akamuuliza kama anaumwa.

Pini! Nimekucheka mwenyewe na pini zako, kisha nikaacha kucheka.

Hajamwambia Happy. Miezi mitatu amekaa na mkewe meza moja bila kusema, kwa sababu la mama mkwe halisemwi hata kwa mke. Mama yake mwenyewe, huko Tukuyu, baba mkwe akipita alikuwa anaingia migombani na beseni kichwani, anakaa humo mpaka mzee avuke. Ndivyo alivyolelewa. Mara zote ulizopigiwa simu na hospitali, ni yeye aliyemwomba mhudumu apige.

Nikamwambia, "Sasa tufanyeje? Mashine iko moja na wewe ndiye mwenyewe."

Akasema, "Mjomba, mama hakungoja aelezwe. Anayepimwa titi hulala kifudifudi."

"Kifudifudi vipi?"

"Uso chini. Kitanda kina matundu mawili, matiti yanashuka humo, hakuna anayeyaona. Anayemlaza ni dada Tupokigwe, nesi, mimi nikiwa nimetoka nje. Akishalala anafunikwa shuka. Mimi naingia chumba changu cha kioo, naona mgongo uliofunikwa na nyayo. Basi. Hata aliyeitengeneza nadhani alikuwa na wakwe."

Hilo la mwisho alilisema bila kucheka. Mimi ndiye niliyecheka, nikaona nimecheka peke yangu.

Nikamuuliza hiyo dawa inafanya nini. Akatazama majaruba yangu akanielewesha kwa hayo hayo. Dawa ni kama maji ya zamu. Unayafungulia, unapiga picha, unangoja kidogo, unapiga tena, mara tano sita. Kovu la zamani halinywi, au linanywa kidogo mno. Uvimbe usio na ubaya, kwa kawaida, unajaa taratibu na kuyatunza, kama jaruba la mfinyanzi. Ule mbaya mara nyingi unayanywa kwa pupa na kuyavujisha upesi, kama jaruba lenye mashimo ya panya. Nikasema hilo nalijua, ninalo moja. Akasema, "Lakini si hukumu, mjomba. Kuna vinavyodanganya. Kikionekana kibaya wanachukua kinyama wakipime. Picha inawaambia tu pa kuchukua."

Alipoondoka akasema, "Mwambie mama, kwenye picha simwoni yeye. Naona maji."

Nafasi ni Alhamisi tarehe 10 Aprili. Amekushikia. Mimi, mjomba niliyekaa kwenye mkeka wa mahari ya Happy nikala kuku wa pande mbili, nasema haya yenu ya ukwe mmeitunza vizuri kuliko wengi, na haitavunjwa. Lala kifudifudi, Bene.

Kaka yako,
Obeid

(Nimebakiza nafasi hapa chini ya kujibu lile swali lako. Nimeitazama. Nimeiacha.)


Tosamaganga,
19 Aprili 2025

Kaka Obeid,

Kamwene. Kesho Pasaka, namshukuru Mungu tumefika. Mahindi yamebeba.

Nilikwenda. Ilikuwa kama alivyosema. Tupokigwe ni mama wa makamo, ana mikono ya moto. Alinilaza, akanifunika, akanipa kidude cha mpira nikiminye nikizidiwa, akanivalisha vitu vya masikioni kama vya watangazaji wa redio. Chumba kina baridi kama Kilolo mwezi wa saba. Mashine inagonga kama kinu chako kikikosa grisi.

Halafu nikasikia sauti masikioni. "Mama, tunaanza. Pumua kawaida, usisogee." Tangu amwoe Happy hajawahi kunisemesha maneno mengi kiasi hicho. Mimi nilikuwa nimeinamia kitanda. Baadaye akasema, "Mama, dawa inaingia sasa. Utasikia ubaridi mkononi." Nikausikia. Ulipanda kiwikoni, ukaenda begani, sikujua ulikoishia. Nikakaa nawaza maji yako. Nikajiuliza yanajaa au yanavuja. Sikuogopa. Nilikuwa kama nangoja zamu kwenye bomba.

Nilimfumia sweta, kwa sababu uliponiambia chumba chake kina kioo na mashine, nikajua kitakuwa na baridi. Kijivu, nilikuwa na nyuzi zimebaki. Kipimo nilikikadiria kwa mabega ya Happy nikaongeza. Niliiacha kwenye benchi nikamwambia Tupokigwe ni ya mtu wa mashine. Wakati natoka alikuwa kwenye korido, akageukia ukutani. Mimi nikapita nikitazama sakafu. Sweta alikuwa ameshaivaa. Mikono imekuwa mirefu.

Majibu ni haya. Pale kushoto ni kovu. Halikunywa. Daktari amesema ni kovu tu na niliache.

Lakini kulia, ambako hakuna aliyekuwa anatafuta kitu, kuna kitu kidogo kama punje ya harage. Hicho kimekunywa upesi na kuvuja upesi. Wamerudi na altrasaundi, sasa wanajua pa kutazama, wakakiona. Baada ya Pasaka wanachukua kinyama.

Happy nimemwambia. Alilia nikamshika. Mimi nilikuwa natazama kalenda ukutani, ile ya mwaka jana, hawajaibandua.

Benedicta


Tosamaganga,
25 Mei 2025

Kaka,

Kamwene. Sijapata barua yako tangu Pasaka. Masanja anasema mavuno yameanza na uko mashineni mchana kutwa, kwamba magunia yamejaa mpaka nje.

Kinyama kimejibu. Ni saratani. Wanasema ni ndogo na wameiwahi, haijatoka pale ilipo kwa wanavyoona. Operesheni Jumanne tarehe 17 Juni, Mbeya. Baadaye kutakuwa na dawa, wataniambia.

Watu wanasema pole, nasema ahsante. Jana niliweka sukari kwenye chai mara mbili nikainywa yote.

Sikuombi uje, najua huu ndio msimu wenyewe. Happy atakuwepo. Ila lile swali nimekuuliza mara tatu sasa, na napenda nilale kwenye kile kitanda nikiwa nalijua. Yusta alikwambia nini?

Benedicta


Rujewa,
14 Juni 2025

Bene,

Kamwene.

Yusta alifika siku kama ya leo, magunia yamepangana hivi hivi. Alisimama kwenye mzani, pale pale aliposimama Asukile. Akasema, "Kaka, nipeleke Mbeya, hiki kifua hakinipi raha." Nikamwambia tumalize kukoboa kwanza, wiki tatu tu. Akanitazama. Nami, unanijua, nikatia utani. Nikasema, "Mpunga ukikaa na unyevu utaota, Yusta. Wewe hutaota."

Akacheka. Ndicho alichoniambia. Alicheka kunifurahisha, akachukua mkoba akaondoka.

Wiki zikawa saba.

Tangu siku ile nimekuwa nachekesha watu kama mtu anayelipa faini. Na Novemba nilipokuandikia habari ya zamu ya maji, niliitia barua kwenye bahasha ndipo nikaona nimeandika yale yale. Sikuifungua.

Leo asubuhi nimezima kinu. Nimeandika mlangoni kwa chaki: TUMEFUNGA. PELEKENI KWA WENGINE. Watu wamegomba, mmoja ameniita mwendawazimu, wifi yako amemjibu kwamba hilo ni la siku nyingi. Yeye ndiye amenipangia begi. Ameweka soksi sita, sijui anadhani nina miguu mingapi.

Barua hii simpi Masanja. Naileta mwenyewe, kesho nitakuwa mlangoni kwako, na Jumatatu tutapanda basi pamoja. Nitakupa uisome nikiwepo, kwa sababu kuyasema haya kwa mdomo siwezi, nimejaribu njiani kwenda dukani nikashindwa. Wakati unasoma nitageukia ukutani kama mkweo.

Ukimaliza, kohoa, nigeuke.

Obeid